Kompyuta ya Rula

Kama una haraka, usiende kwa Bisibisi. Mtaa mzima unalijua hilo, na bado ngazi za kupandia kwenye chumba chake, juu ya duka la mshona mapazia, zimelika katikati kwa wingi wa miguu. Jina la Bisibisi alipewa na wateja, kwa sababu bisibisi yake ndogo haikai mfukoni wala kwenye droo. Inakaa kwenye nywele, imechomekwa kisogoni, na kila siku huitafuta chumba kizima huku anatembea nayo. Mtu mzima huyo, mama wa watoto wawili, fundi anayeheshimika, huinama chini ya meza akiwalaumu majirani kwa wizi. Wateja humwacha ahangaike kidogo ndipo wamwambie.

Kazi yake ni kuunda kompyuta za mezani kwa watu wasio na hela ya kuchezea. Wenye nazo huenda madukani wakachukua iliyokwisha fungwa kwenye boksi, wakarudi nyumbani wakiringa. Wanaopanda ngazi zake ni wale wa kubana matumizi: wanafunzi wa uhandisi, wachora ramani, wahasibu, mtu anayetaka kuhariri video za harusi. Kwao kila kipande huchaguliwa kwa mabishano, na kabla ya mabishano kuna sharti. Mteja anakaa kwenye meza ya majaribio, anafungua kazi yake mwenyewe, ile nzito kuliko zote, anaifanya kama anavyoifanya siku zote. Bisibisi anavuta kigoda, anakunywa chai yake, anatazama. Skrini haitazami sana. Anamtazama mtu: anasonya wapi, anasubiri wapi, wapi anaachia kipanya na kujikuna kichwa. Chai ikiisha anajua hela iende wapi.

"Dada, mimi nataka kadi ya picha kubwa kabisa," mteja husema, maana wote huanzia hapo.

"Kubwa ya nini? Unachora nati au unacheza mpira? Wewe hapa unachoshwa na ramu. Umefungua ramani moja, nyingine, na nyimbo juu, mashine itahemea wapi? Prosesa tutafute yenye mbio, maana hizi programu za kuchora humbebesha mzigo mfanyakazi mmoja tu ndani yake, hata wakiwa kumi. Ramu tuongeze. Kadi ya wastani, ya mtumba, itakutosha. Na pawasaplai, ya kugawa umeme, usinibanie, hiyo ndiyo roho ya mashine. Kesi nzuri, hilo kasha la nje lenye mataa, utanunua ukioa."

Mteja hununa, hulipa, na baada ya mwezi hurudi na rafiki.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuwekewa sharti la kutazamwa, na huyo ndiye aliyemtoa Bisibisi jasho. Ni kaka yake.

Kaka huyu ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, yeye alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kuchora ramani kwenye karakana ya vyuma, na Bisibisi alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Kaka akawa baba na mama. Alimsuka nywele kwa mikono yake, akamsuka vibaya hata mwalimu akauliza mtoto huyu ana ugomvi na nani nyumbani. Jioni alichorea kwenye meza ile ile waliyolia chakula, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: usitikise meza. Mtoto alikaa upande wa pili, kidevu juu ya mikono, akitazama mstari unavyozaliwa. Huko ndiko alikojifunzia kumtazama mtu akiwa kazini, wala hakuwahi kujua kwamba anajifunza.

Kule karakana walimwita Rula. Mistari yake ilikuwa imenyooka hata enzi za penseli, na matundu ya bolti aliyoyachora yalikutana bila kulazimishwa. Nyumbani kwa Bisibisi jina hilo lilikuwa kama cheo. Watoto wake wakikosea hesabu waliambiwa wamwige mjomba, mtu ambaye hajawahi kukosea kipimo tangu azaliwe. Watoto walimpenda mjomba hata hivyo, jambo linaloonyesha ni mtu mwema kiasi gani.

Basi siku hiyo Rula alipanda ngazi taratibu, mkono ukutani, akaingia na kuketi kabla ya kukaribishwa.

"Shikamoo kaka. Mbona mchana, huko kazini mmefukuzwa?"

"Marahaba. Bado, lakini tuko njiani," akasema, akacheka kicheko kifupi. "Bosi ameleta mashine ya kukata vyuma. Inasoma ramani yenyewe, inakata yenyewe, haitaki maelezo ya mtu. Na ramani haitaki ya karatasi, inataka ya ile programu mpya, ya kitu kizima kinachozunguka kwenye skrini. Sasa mwisho wa mwezi kila mchoraji apeleke ngazi ya chuma aliyoichora mwenyewe, iingie kwenye mashine moja kwa moja. Ngazi ya nani ikifungika, anabaki kwenye meza yake. Isiyofungika, mwenyewe anahamia stoo."

"Stoo! Wewe ukahesabu misumari?"

"Misumari nayo inataka mtu mwenye heshima. Nataka kompyuta ya kufanyia mazoezi nyumbani, mdogo wangu. Zile za ofisini zinaganda kabla kazi haijafika popote, na nzuri zimeshikwa na vijana. Akiba yangu ndiyo hii, usiniulize zaidi."

Bisibisi aliitazama akiba, akaona haitoshi, akasema inatosha. Kisha akavuta kigoda na kunyoosha mkono kuelekea meza ya majaribio. Rula akakunja uso.

"Unataka nikae pale unikodolee macho kama msimamizi wa mtihani? Nimekufuta kamasi wewe."

Likaishia hapo. Mtu aliyekufuta kamasi huwezi kumwekea masharti, hata kama una leseni ya biashara ukutani.

Wakaanza kuchagua vipande, na hapo ndipo Bisibisi alipopata taabu, kwa sababu kaka yake alikuwa na kichwa kigumu upande usiotarajiwa. Prosesa hakujali. Ramu alisema aweke atakayo. Alichong'ang'ania ni kadi ya picha.

"Weka kadi ya nguvu. Mistari ikae wazi. Picha isiwe na ukungu."

"Kaka, kadi haihusiani na ukungu. Ukitaka kuona vizuri ongeza skrini kubwa, hela ya kadi tuihamishie huko."

"Skrini ninayo. Ile ndogo bado nzima."

"Ile? Ile ni dirisha la choo!"

"Skrini kubwa ni za wazee," Rula akasema, akainuka kuonyesha kwamba mkutano umefungwa. "Kadi, mdogo wangu. Kadi."

Mteja mwingine angekatwa kauli hapo hapo. Huyu alikubaliwa. Bisibisi alijiambia kwamba huenda programu mpya ina mambo asiyoyajua, akazunguka mjini siku nzima akitafuta kadi kubwa ya bei ya kadi ndogo. Aliipata kwa muuza mitumba wa chini ya mtaa, mtu mwaminifu mwenye mdomo mchafu. Kesi akaokota kwake mwenyewe, yenye bonde ubavuni, akaigonga kwa nyundo mpaka ikanyooka. Diski akachukua ya kisasa isiyozunguka, ndogo lakini nyepesi kuamka. Pawasaplai mpya, maana hapo habanii hata ndugu. Alifunga kompyuta ile kwa uangalifu ambao hajawahi kumfanyia mtu, akikaza kila skrubu na kuipangusa. Mafuta ya kupoza prosesa aliyapaka na kuyafuta mara kadhaa, akisema hayajakaa sawa.

Ikabaki kuijaribu. Rula alikuwa amemwachia fleshi yenye kazi yake ya mazoezi: mnara wa tangi la maji wa kule zahanati, aliouchora kwa karatasi mwaka juzi, sasa ameuhamishia kwenye programu mpya kipimo kwa kipimo. Mnara wenyewe uko pale pale, umesimama, tangi limejaa, mtaa mzima unaoga maji yake. Bisibisi alifungua kazi ile, akauzungusha mnara huku na huku, ukazunguka kwa ulaini hata akajipongeza kwa sauti. Kisha akabonyeza kile kitufe cha kukagua, kinachoiambia programu iangalie kama kila chuma kimekutana na mwenzake. Ofisini mashine ziligandia hapo. Hii haikuganda. Ilifikiri kidogo, ikamaliza, na mnara ukajaa alama nyekundu.

Nyekundu kwenye maungio ya miguu. Nyekundu kwenye ngazi ya kupandia. Tundu hapa, bolti pale, zimepishana.

Kwa mteja yeyote, Bisibisi ana swali moja ambalo hulitoa kabla hajashika bisibisi: "Una hakika vipimo vyako viko sawa?" Swali hilo limemwokolea saa nyingi za kufungua mashine zisizo na kosa. Siku hiyo halikumjia hata kwa mbali. Kaka hakosei, na mnara umesimama, basi kompyuta inasema uongo. Aliona haya kwa niaba ya mashine yake.

Akaanza na kadi, maana mitumba ina historia zake. Akaichomoa, akashuka nayo mpaka kwa muuzaji.

"Kadi yako inachora uchafu."

"Kadi yangu? Ukome! Kadi hii ilikuwa ya mtu wa dini."

Walirushiana maneno mpaka wapita njia wakasimama, mwisho muuzaji akampa nyingine mbili azijaribu, na ile ya kwanza asiidai. Akarudi, akazifunga kwa zamu, akabonyeza. Nyekundu zile zile, mahali pale pale. Akageukia ramu: akatoa kipande kimoja, akabakiza kingine, akavibadilisha nafasi, akaazima vya kompyuta ya mteja. Nyekundu. Akasema ni umeme, akabadilisha pawasaplai. Nyekundu. Akafuta programu, akaiweka upya kwenye diski nyingine. Akabadilisha mazabodi, ule ubao unaobeba vipande vyote, kazi ya kuvunja nyumba na kuijenga tena. Wateja walikuja wakakuta vyao havijaguswa, wakaambiwa warudi kesho, na kesho wakaambiwa hivyo hivyo. Alibadilisha waya wa skrini, akabadilisha kibodi. Mwisho, na hili yeye mwenyewe husimulia huku amejifunika uso, alibadilisha kipanya. Kipanya hakiwezi kupaka alama nyekundu kwenye mnara wa maji. Anajua hakiwezi, huwafundisha wengine kwamba hakiwezi, na bado alibadilisha.

Msimcheke sana. Kila mtu ana mmoja katika maisha yake ambaye kabla ya kumshuku yeye utaikagua kwanza dunia nzima.

Wiki ilipoisha na vipande kuisha, alifunga chumba na kwenda karakana. Alitaka ushahidi. Amuulize msimamizi wa mafundi aliyeufunga mnara ule, asikie kwamba kila bolti iliingia mahali pake, arudi aiambie kompyuta iombe radhi.

Msimamizi huyo wanamwita Cheche, kwa miaka yake mingi ya kuchomelea. Alimkuta uani ameinamia pleti ya chuma, tepu mkononi. Alipomwona dada wa Rula alifurahi, akapangusa benchi kwa kofia yake. Alipoulizwa habari za mnara furaha ikapungua.

"Bolti ziliingia zote?"

"Ziliingia."

"Bila tabu?"

Cheche akatazama mlango wa ofisi ya wachoraji, akavua miwani ya kazi. "Dada, nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Kompyuta yangu inasema matundu hayakutani. Nimebadilisha kila kitu."

Mzee wa watu akaweka tepu chini. Kisha akamvuta mpaka nyuma ya lundo la mabomba, asisikike.

"Hayakukutana," akasema. "Yalipishana upana wa kidole. Matundu tuliyahamisha sisi."

"Mara hiyo moja?"

"Tangu mwaka juzi, dada. Ramani ikija hapa tunaipima upya kabla ya kukata. Tano inasomeka nane, mstari umerukia wa jirani yake. Si kila mara. Lakini hatujui ni lini, kwa hiyo tunapima zote."

"Na yeye yuko wapi mkipima?"

Cheche akajikuna shingo. "Mmoja wetu anampeleka nje, anamuuliza habari za goti lake."

Bisibisi alikumbuka namna kaka yake alivyokuwa akijisifu nyumbani kwamba hakuna watu wenye utu kama wa karakana, kila siku lazima wamjulie hali ya goti. Hakujua acheke au alie.

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Nani amwambie? Mimi nilipoingia hapa nilikuwa sijui kusoma ramani. Alinifundisha yeye, mapumziko yake ya chakula, mwaka mzima, na hakumwambia mtu. Hawa wengine vivyo hivyo. Hatukukaa kikao, kila mtu alijikuta tu anapima. Na tungeendelea mpaka astaafu na jina lake." Akaonyesha kwa kidevu ile mashine mpya, bado imefunikwa nailoni. "Lakini ile haina haya. Itakata alichoandika."

Bisibisi akarudi na moyo mzito. Angeweza kunyamaza, na alilifikiria hilo njia nzima. Angeweza hata kusahihisha ngazi ile kwa siri, amwombe mhandisi mmoja miongoni mwa wateja wake. Lakini baada ya ngazi kungekuja kazi nyingine, na siku moja ngazi isiyofungika ingefungwa kwa kulazimishwa, na mtu angeikanyaga. Alimpigia kaka yake simu, akamwambia kompyuta iko tayari.

Rula alifika akiwa na uso wa sikukuu. Safari hii Bisibisi hakuomba ruhusa. Alivuta kiti cha meza ya majaribio, akamketisha, akavuta kigoda chake. Chai hakuchukua.

"Ongeza daraja moja kwenye ngazi ya mnara wako hapo. Nikuone."

Akamwona. Rula alikuza picha mpaka bolti moja ikajaa skrini nzima, akaweka alama, akaipunguza, akapotea, akakuza tena. Pua ilisogea, ikasogea tena, mpaka pumzi yake ikatia mvuke kwenye kioo. Alifunga jicho la kushoto, akatumia la kulia, akabadilisha. Ilikuwa kazi ya mtu anayepapasa, tena anayejua kupapasa kwa ustadi. Na jicho la kulia, Bisibisi alipoinama kulitazama kwa karibu, lilikuwa na weupe katikati ya kiini.

"Kaka, tangu lini huoni?"

"Naona. Kadi ndiyo bado haijashika."

"Kaka."

Rula akaachia kipanya. Hapo Bisibisi alimwambia yote, kwa sababu hakujua namna ya kuyagawa: mnara, upana wa kidole, matundu yaliyohamishwa, kupelekwa nje na maswali ya goti. Aliyasema kwa sauti ya chini na haraka. Alipomaliza, kaka yake alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

"Nilijua macho yanapungua," akasema. "Sikujua nimekosea. Sikuwahi kuambiwa nimekosea." Akainuka. "Kumbe mwaka juzi mpaka leo nilikuwa natunzwa kama mtoto wa chekechea. Na goti langu! Nimewaeleza habari za goti lile mpaka mishipa yake." Akageukia mlango. "Siku hizo zote mmekuwa mkinicheka."

"Hakuna aliyekucheka."

Rula alikuwa ameshafika mlangoni. Alishuka ngazi, mkono ukutani, na Bisibisi akasimama juu akihesabiwa makosa na moyo wake mwenyewe.

Siku zilizofuata hakupokea simu. Wifi, mke wa Rula, alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kuvua kitambaa cha kichwani.

"Hasemi, wifi. Anakula, anashukuru, anaingia chumbani. Jana kaniambia anaandika barua ya kuacha kazi. Mimi macho nilishamwambia zamani, akanijibu mtoto wa jicho ni wa wazee, yeye hana mtoto huyo." Akafuta pua. "Anaogopa kisu. Anaona kikikosea, hata ule mstari anaouona kwa taabu hataupata tena. Kwangu hatasema. Labda kwako."

Lakini Bisibisi angemwambia nini? Alishasema vya kutosha. Alirudi kwenye kazi za wateja, akazifanya kwa mikono mizito, hata mshona mapazia akapanda kuuliza mbona juu kumekuwa kimya.

Rula alikuja asubuhi moja bila taarifa. Hakuketi. Alisema amefuata fleshi yake.

"Iko pale, kaka. Mezani."

Meza ya majaribio ilikuwa haijapangwa tangu wiki ile. Rula aliinama kutafuta, akipapasa katikati ya vitu, na mkono wake ukaanza kukutana na mambo. Akanyanyua kadi ya picha, akaisogeza karibu na jicho.

"Hii si ndiyo kadi yangu?"

"Ilikuwa. Niliitoa."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo nayo niliitoa."

Akanyanyua ramu, moja, nyingine, nyingine. Akashika pawasaplai kwa mikono miwili, akaiweka chini. Akagusa mazabodi iliyolala chali juu ya gazeti, akagusa diski, nyaya zilizofungwa kwa mpira.

"Hiki chote ni cha nani?"

"Chako."

"Nilitaka kompyuta moja. Hapa kuna kompyuta ngapi?"

"Kaka, zile nyekundu zilipotokea nilidhani kadi ni mbovu. Nikabadilisha. Zikabaki. Nikadhani ramu. Nikadhani umeme." Alianza kuona haya, akawa anaongea akitazama sakafu. "Nikadhani mazabodi. Nikafuta programu nikaweka upya. Nimegombana na muuza mitumba mpaka watu wakajaa barabarani. Wiki nzima sikushika kazi ya mtu mwingine."

Rula alikuwa ameshika kitu kidogo, anakipapasa kwa kidole gumba. "Hiki ni kipanya."

"Ndiyo."

"Ulidhani kipanya ndicho kilichokosea?"

"Ndiyo, kaka."

"Kabla ya kudhani ni mimi."

"Wewe sikudhani kabisa. Mpaka Cheche aliposema kwa mdomo wake, na hata yeye nilitaka kumbishia."

Chini, cherehani ya mshona mapazia ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Rula aliketi kwenye kile kiti cha meza ya majaribio, kipanya bado mkononi, na mabega yakaanza kumtikisika. Bisibisi alidhani analia, akamkimbilia, akakuta anacheka, kisha akaona kwamba analia pia, na kwamba mwenyewe hajali kipi kinatangulia.

"Kipanya!" akasema. "Fundi mzima wewe, nimekusomesha kwa shida!"

"Nisamehe, kaka."

"Barua sikuipeleka," akasema alipotulia. "Asubuhi hii nimekwenda kwa bosi mwenyewe, nimemwambia kwa kinywa changu. Macho, mnara, kila kitu. Amefikiri sana. Amesema ngazi yangu itasubiri, lakini hataipokea kabla sijamletea karatasi ya daktari. Kisha nimepita uani nikamwambia Cheche asinipeleke tena nje, apime mbele yangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikatoka pale nikijiona shujaa. Nilipofika kona ya zahanati, miguu ikakataa. Nikasimama pale kwenye mnara wangu kama mwizi, nikageuza, nikaja kwako. Fleshi ilikuwa kisingizio."

Bisibisi alichutama mbele yake. Hakuwahi katika maisha yake kumwona mtu huyu akimwomba kitu, na alijua kwamba sasa anaombwa.

"Naogopa, mdogo wangu," Rula akasema. "Kesho nisindikize."

Bisibisi akainuka, akachomoa nyaya za umeme, akachukua mkoba wake na funguo za mlango.

"Kesho ya nini? Zahanati leo wako wazi."